Mwanga wa Kuazima

Swali ninaloliandika hapa halikunijia msikitini wala darasani. Lilinijia mbele ya tangi la kioo la jirani yangu, hapa Kizota, zaidi ya kilomita 400 kwa barabara kutoka baharini, katika nchi ambayo vumbi la mwezi wa tisa huingia hadi ndani ya kabati la vyombo. Katika tangi hilo jirani yangu anafuga matumbawe. Msomaji asicheke; na mimi nilicheka mwanzoni.

Si yale matumbawe magumu tunayoyajua watu wa pwani, yanayokata nyayo na kujengewa nyumba. Haya ni matumbawe laini, hayana mifupa ya mawe. Kubwa kati yao limekaa kama uyoga mnene wenye ngozi, na juu ya kichwa chake kunatoka vidole vidogo vingi vinavyocheza na maji. Jirani alilipata Dar es Salaam kwa mtu aliyekuwa akivunja tangi lake. Lenyewe ni kipande kilichokatwa kwa wembe kutoka tumbawe jingine, maana hivyo ndivyo yanavyozalishwa: unakata, unafunga kipande juu ya jiwe, unasubiri kishike. Basi hata swali la kama liliwahi kuijua bahari si jepesi. Kipande hiki hakijawahi kuwa baharini, lakini mwili wake ni ule ule wa mzazi wake, na mzazi wa mzazi wake.

Kazi ya kulitunza ni kubwa. Maji ya visima ya Dodoma yana chumvi, lakini si chumvi inayotakiwa. Inabidi yachujwe kwanza hadi yawe matupu, ndipo yatiwe chumvi ya bahari kiasi cha gramu 35 kwa lita. Usiku wa mwezi wa saba, baridi ya huku juu inaposhuka, lazima kipashio kiwake. Umeme ukikatika, pampu husimama, na jirani huamka kukoroga maji kwa mkono kama mtu anayepika uji.

Lakini kubwa kuliko yote ni mwanga na mahali pa kuliweka. Ndani ya nyama ya tumbawe hukaa mwani mdogo usioonekana kwa macho, nao hutumia mwanga kutengeneza chakula na kumgawia mwenyeji wake. Mwanga ukiwa mchache, tumbawe hujinyoosha juu kama mtu anayetafuta dirisha. Ukizidi ghafla, huufukuza mwani wake na kubaki jeupe. Likikaa hivyo muda mrefu, linakufa kwa njaa. Kwa hiyo mgeni huwekwa kwanza chini, pembeni, kisha husogezwa juu kidogo kidogo kwa wiki kadhaa. Wala haliwekwi karibu na wenzake mno, kwa sababu matumbawe laini hutoa sumu ndani ya maji kuwazuia majirani. Taa ni za buluu zaidi, kwa kuwa rangi nyekundu humezwa na maji mita chache tu kutoka juu na buluu ndiyo inayofika chini.

Mwezi wa kwanza tumbawe lile lilijifunga. Vidole vyote viliingia ndani, likabaki kama kiatu cha zamani. Jirani akalihamisha kulia. Halikufunguka. Akalipandisha, akalishusha, akalielekeza kwenye mkondo wa pampu. Baadaye akaja kuambiwa na mwenye uzoefu kwamba tumbawe la aina hiyo hujifunga siku nyingi, likavua ngozi nyembamba kama nta, kisha likafunguka lenyewe. Na kwamba kinachowaua wengi wao ni wema wa mwenye nyumba asiyeweza kutulia.

Neno hilo lilinichoma, na hapa ndipo penye jambo langu.

Mwaka 2017 nilihamia Dodoma pamoja na ofisi yetu, katika lile wimbi lililofuata tangazo la mwaka 2016, ingawa uamuzi wenyewe ni wa tangu 1973. Baada ya miaka michache nikamleta mama yangu kutoka Pangani. Presha ilikuwa inampanda, peke yake kule, na huku hospitali kubwa zipo. Ndugu zangu wote walinisifu. Nilimpa chumba cha mbele. Akanyamaza. Nikadhani kelele za malori zinamsumbua, nikamhamishia cha nyuma. Akazidi kunyamaza. Nikamwekea kiti barazani, nikamletea televisheni, nikamnunulia samaki wa barafu, ambao aliwatazama kwa huruma.

Siku moja nilimpeleka akaone tangi. Alikaa mbele yake kwa muda mrefu kuliko nilivyowahi kumwona akikaa mahali popote Kizota.

"Na hawa wameletwa?" akauliza.

"Wameletwa, Mama."

"Taa yao inazimwa saa ngapi?"

Jirani akamjibu kwa adabu kwamba inazimwa saa tatu usiku bila kukosa, kwa sababu wanahitaji giza.

"Afadhali wao, mwanangu," akasema, na hakuongeza neno.

Nilitembea nyumbani nikiwa nimeshaelewa. Nje ya dirisha la chumba chake cha nyuma nilikuwa nimefunga taa kubwa ya ulinzi, inayowaka usiku kucha. Nilifunga kwa ajili yake, asiogope. Karibu mwaka mzima mama yangu alikuwa halali gizani, na hakusema, maana mgeni hamfundishi mwenye nyumba.

Niliizima usiku ule ule. Alilala vizuri. Lakini swali halikuzimika na taa. Je, niliyemleta nilikuwa namtunza, au nilikuwa namweka mahali ambapo mimi naweza kumwona? Kwa nje mambo haya mawili yanafanana kabisa: dawa ni zile zile, gharama ni zile zile, hata mapenzi ni yale yale.

Nilimuuliza jirani kama haoni vibaya kufuga kiumbe wa bahari kwenye nchi ya zabibu. Akanijibu kwamba hizo zabibu nazo zililetwa, na wamisionari, na leo Dodoma inajivunia. Tena akanikumbusha joto la mwaka 1998, lililoyafanya matumbawe ya pwani yetu na ya Kenya kuwa meupe na kuua mengi, likarudi 2016. Na baruti za wavuvi. "Hapa kwangu," akasema, "hakuna baruti." Ni kweli. Wala mimi sina kifua cha kumhukumu: nyumba yetu ya Pangani ilijengwa kwa mawe ya matumbawe na kupakwa chokaa iliyochomwa kutokana na matumbawe hayo hayo. Tumelala ndani yake vizazi vitatu bila kuuliza.

Ila hoja ya usalama hainitoshelezi. Ukimwambia mtu kwamba hapa hakuna baruti, umemwambia kile ambacho hakipo, hujamwambia kilichopo. Mama anakikumbuka kisiwa cha Maziwe, mbele ya Pangani, kilipokuwa bado na mivinje. Kilitangazwa hifadhi mwaka 1975, na miaka michache baadaye miti yote ilikuwa imekwisha, kimebaki fungu la mchanga linalofunikwa na maji. Hata alikotoka kumeharibika. Bado anakutaka.

Tumbawe hatuwezi kuliuliza, ndiyo maana tunasoma vidole vyake. Binadamu tunaweza kumuuliza, na mimi nilichukua karibu mwaka mzima kusoma vidole.

Nilipomuuliza, alijibu haraka, kama aliyekuwa na jibu mkononi. Alirudi Pangani mwezi wa sita, na vidonge vya miezi mitatu, na mpwa wangu wa kukaa naye. Dada yangu mkubwa hajanisamehe. Anasema nimemtupa mzazi, na presha ikipanda usiku pale sina la kumjibu. Mama hupiga simu Ijumaa. Huniuliza kwanza habari za lile tumbawe, na kama jirani ameacha kulihamisha.