Mbwa mzee hadaiwi kitu

Mbwa aliyezeekea nyumbani mwako hadaiwi kitu. Hapa Manika, mjini Kolwezi, wengi tulimleta uani kwa ajili ya wezi, na umeme ulipokatika yeye ndiye aliyekesha ili watoto walale. Kumfukuza sasa, eti halindi tena, ni dhuluma. Akipita miaka 10 masikio huziba, macho huingia ukungu na miguu ya nyuma hukaza, lakini pua humbakia kwa muda mrefu, na kwa pua hiyo bado anamjua kila mtu wa nyumba kabla mlango haujafunguliwa. Kolwezi iko zaidi ya mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na baridi ya usiku wa Juni na Julai humwingia kwenye viungo kama inavyowaingia wazee wetu. Mtandikie gunia kavu pasipo upepo, lainisha bukari wake kwa supu ya nyama, na chanjo ya kichaa cha mbwa apewe vilevile, hata kama amezeeka. Ukimwita akikawia, mngoje, anakuja.