Asili na Nakala: Uongo Unakaa Wapi?



Ndugu msomaji, nataka tujadili swali ambalo limenisumbua mwaka mzima. Kama nakala inafanana na asili kwa kila kitu, je, kuna kilichopungua? Na maandishi yenye maneno ya kweli tupu, yanaweza kuwa uongo? Mwanzoni niliyaona haya kuwa maswali ya darasa la falsafa. Sasa naona kuwa nitaulizwa Siku ya Hesabu.

Mwaka jana ndugu mmoja ambaye huwa tunaswali naye safu moja aliniomba nimwandikie memwari. Alikuwa anafanya kazi usiku, ana mke na mtoto mchanga, na tarehe ya kuwasilisha ilikuwa imekaribia. Aliniahidi faranga. Mimi nilikuwa nadaiwa kodi ya chumba ya miezi miwili. Nikakubali. Kazi yenyewe niliifanya vizuri: nilisoma vitabu, nilikwenda kuwahoji wauzaji wa ndagala, nilipanga majedwali. Hakuna hata tarakimu moja niliyoibuni. Ndugu yangu akaitetea memwari ile mbele ya walimu, akapata alama za juu, akanikumbatia.

Nilijitetea moyoni hivi: kila sentensi iliyomo ni ya kweli, yeye amepata alichohitaji na mimi nimepata changu, hakuna aliyeibiwa. Basi kosa liko wapi?

Kazi ile nilikuwa naichapa katika kibanda cha fotokopi huko Buyenzi. Ukutani mwenye kibanda alikuwa amebandika ukurasa wa kalenda ya zamani wenye picha ya shamba la ngano. Ngano ni ya njano, imeinamishwa na upepo. Upande wa kulia imesimama misaipresi, miti mirefu iliyochongoka kama mnara wa msikiti. Nyuma kuna vilima vya buluu, na juu yake mawingu yanayojiviringa. Hakuna mtu wala mnyama ndani yake. Chini liliandikwa jina la mchoraji, Vincent van Gogh, na mwaka 1889.

Siku moja, mashine ikiwa inatoa kurasa zangu, nikamtania yule mzee: “Baba, mashine yako imekuwa hatari. Siwezi tena kutofautisha asili na nakala.” Akacheka, akasema: “Mwanangu, hii hutoa nakala mia ukitaka. Lakini ya kwanza haiwezi kuitoa. Ya kwanza lazima mtu ailete.”

Maneno yale yalinifanya nimsome mtu aliyeichora picha ile. Najua wapo watakaouliza hukumu ya picha. Wanachuoni wana maneno marefu kuhusu picha za viumbe wenye roho. Lakini katika Sahihi Bukhari imepokewa kuwa mtu mmoja aliyekuwa akiishi kwa kazi ya mikono yake, yaani kutengeneza picha, alimwendea Ibn Abbas (r.a.), naye baada ya kumwonya akamwelekeza kwenye miti na visivyo na roho. Shamba la ngano na miti liko humo.

Van Gogh alizaliwa mwaka 1853 nchini Uholanzi, mtoto wa mchungaji wa Kiprotestanti. Alifanya kazi katika maduka ya picha, akaachishwa. Akataka kuhubiri, akapelekwa Borinage, Ubelgiji, kwa wachimba makaa ya mawe. Huko aligawa nguo zake, akalala chini katika kibanda ili awe sawa na maskini aliowahubiria. Wakubwa wake waliona amepita mpaka, na mwaka 1879 hawakumwongezea muda. Alipoamua kuwa mchoraji alikuwa na umri wa miaka 27. Alibakiwa na miaka kumi tu ya kuishi, na ndani yake alichora zaidi ya picha 800 za rangi za mafuta.

Mwezi wa Mei 1889 aliingia kwa hiari yake katika hospitali ya wagonjwa wa akili huko Saint-Rémy, kusini mwa Ufaransa. Alipopata ruhusa ya kutoka nje ya ukuta, alichora mashamba ya jirani, na shamba letu la kalenda ni mojawapo. Mwaka uliofuata, mwezi wa Julai, alikufa kwa jeraha la risasi aliyojipiga mwenyewe, akiwa na miaka 37. Dini yetu inaharamisha kujiua, na mimi sisifu mwisho ule. Nasema tu kwamba alikuwa mgonjwa, na tukimwona mwenzetu bwenini yuko katika hali kama ile, tumkalie karibu na tumpeleke kwa daktari kabla hatujamsomea hukumu.

Sasa turudi kwenye swali. Kwa nini watu huithamini picha ya asili kuliko nakala?

Jibu la kwanza linalokuja ni kwamba asili ndiyo ya mwanzo na iko moja tu. Jibu hili halisimami. Shamba lile la ngano Van Gogh alilichora zaidi ya mara moja. Picha ya kiangazi iko leo katika jumba la makumbusho la Metropolitan, New York. Mwezi wa Septemba aliichora tena akiwa chumbani, nayo iko National Gallery, London. Akatengeneza na nyingine ndogo kwa ajili ya mama yake na dada yake. Zote tunaziita asili. Zaidi ya hayo, alipokuwa hospitalini alinakili picha nyingi za mchoraji aliyemheshimu, Jean-François Millet, na hakumficha mtu kuwa mwenye wazo ni Millet. Hakuna aliyemwita mwizi. Kwa hiyo kunakili peke yake si dhambi. Sote tulijifunza alifu na bee kwa kufuatisha mwandiko wa maalim kwenye ubao.

Jibu la pili ni bei. Hili nalo halisimami. Mwanzoni mwa mwaka 1890 picha yake ya shamba la mizabibu mekundu iliuzwa Brussels kwa faranga 400, na ni miongoni mwa chache sana zilizouzwa akiwa hai. Mwaka 1993 lile shamba la ngano la New York lilinunuliwa kwa dola milioni 57. Kitambaa ni kilekile na rangi ni zilezile. Kilichobadilika ni macho ya watu. Alama za juu nazo ni macho ya watu: zinasema walimu waliridhika, lakini hazisemi nani alikesha.

Jibu la tatu ndilo lililonishika. Katika picha ya asili rangi imelala nene, na kila mpigo wa brashi unaonyesha mkono ulipopita. Picha ile inatoa ushahidi kwamba fulani alisimama hapa, aliona hivi, na alifanya hivi kwa mkono wake. Nakala ya kalenda haidai hivyo. Inasema waziwazi kuwa ni kalenda, kwa hiyo haidanganyi. Mwenye kudanganya ni yule anayechukua kazi ya mkono mmoja na kuibandika jina la mwingine. Mwaka 1932 mahakama ya Berlin ilimtia hatiani muuza picha Otto Wacker, aliyeuza picha za bandia kwa jina la Van Gogh. Baadhi ya wataalamu walikuwa wamezikubali. Ngano iliyochorwa ilikuwa ngano, na miti ilikuwa miti. Uongo ulikuwa katika jina.

Hapo utetezi wangu ulianguka. Nilisema kila sentensi ya memwari ni ya kweli. Lakini ukurasa wa kwanza ulikuwa na sentensi niliyoisahau, ile inayosema kazi hii imefanywa na fulani. Hiyo ndiyo inayozibeba zote, na ilikuwa uongo. Tena ndani kulikuwa na “niliwahoji wauzaji.” Ni nani huyo aliyewahoji? Neno lilikuwa kweli kinywani mwangu, likawa uongo lilipohamia kinywani mwake.

Mtume (s.a.w.) alipita sokoni kwenye lundo la nafaka, akaingiza mkono ndani, vidole vikakuta umaji. Mwenye mali akajitetea kwamba ilinyeshewa na mvua. Akaulizwa kwa nini hakuuweka ule umaji juu watu wauone, kisha likaja onyo kali kwamba mwenye kughushi si katika sisi. Tazama vizuri: nafaka ile haikuwa mchanga, ilikuwa nafaka kweli. Ghushi ilikuwa katika mpangilio, yaani kikavu juu na kibichi chini. Memwari yetu ilikuwa lundo la namna ile. Juu kulikuwa na jina la ndugu yangu na alama zake, na chini kulikuwa na mkono usiokuwa wake. Atakayemwajiri kesho atalipia kikavu apewe kibichi. Na wale waliokesha kwa haki, wakapata alama za kati, wamepunjwa bila kujua. Nilikosea kusema hakuna aliyeibiwa.

Mtu ataniambia: unasahau njaa. Sijaisahau, kodi ya miezi miwili si hadithi. Lakini maisha ya Van Gogh yana jambo moja hapa. Alikuwa hana kitu, na aliyemlisha miaka yote ile ni mdogo wake Theo, muuza picha wa Paris, aliyemtumia fedha mwezi baada ya mwezi. Barua alizomwandikia Theo zilizobaki ni zaidi ya 600, na ndani yake zipo nyingi za kuomba na kushukuru. Wala Vincent hakujidai kuwa amejitegemea. Aliihesabu kazi ile kuwa ya wao wawili. Theo alimsaidia ndugu yake ili aifanye kazi yake mwenyewe. Mimi nilimsaidia ndugu yangu asiifanye. Kama siku ile ningekaa na mtoto wake jioni mbili tatu, au tungechanga sisi wa safu ile moja apate likizo ya wiki mbili, ungekuwa msaada. Na mimi pia ningeweza kusema wazi kuwa nadaiwa. Niliona aibu kuomba, sikuona aibu kuuza. Sijui nani alitufundisha kupanga aibu namna hiyo.

Mwezi uliopita nilimwendea, nikamweleza haya yote. Alinyamaza muda mrefu, kisha akauliza, “Sasa unataka nirudishe shahada? Mwanangu atakula nini?” Sikuwa na jibu la haraka, na hata sasa sina lote. Wanachuoni wanatufundisha kuwa tawba ni kuacha, kujuta, kuazimia kutorudia, na kurudisha haki za watu zikiwemo. Tatu za kwanza nimezishika. Hiyo ya nne ndiyo ngumu, kwa sababu wenye haki ni wengi na hawajijui. Faranga zile nimeanza kuzitoa kidogo kidogo kwa wanafunzi wanaoshindwa kulipia uchapishaji wa memwari zao. Naye nimemwomba tukae kila Jumamosi baada ya Alasiri tupitie ile memwari sura kwa sura, kisha twende kwa wauzaji wa ndagala awahoji mwenyewe. Amekubali kuanza. Kuhusu kwenda kwa mwalimu msimamizi kusema ukweli, bado tunaogopa, na sitaki kuwadanganya kwamba hatuogopi. Tuombeeni.

Nawe uliyekaribia kuwasilisha, ikiwa kazi yako ina mapengo, ipeleke na mapengo yake. Afadhali alama ndogo iliyo yako. Siku hiyo kila mtu atapewa kitabu chake akisome mwenyewe, na hakuna atakayekuwa amekiandikisha kwa mtu.

Wallahu a’lam.