Mlawi wa Miaka Hamsini

Twasoma katika Hesabu 8 kwamba Mlawi alipofikisha miaka 50 aliacha kazi nzito ya Hema. Naye alilishwa na zaka za Israeli. Hapa Tanzania mtumishi wa serikali aweza kustaafu kwa hiari akiwa na miaka 55. Wengi twauliza: tukijibana, je, haiwezekani mapema zaidi?

Na tuketi tuhesabu gharama. Awekaye sehemu moja ya kumi ya mshahara hufanya kazi miaka 9 ndipo apate matumizi ya mwaka mmoja. Awekaye nusu hupata mwaka kwa mwaka. Sisi tuliacha sukari katika chai (tukazoea). Lakini kufikia nusu ingetupasa kumfungia mlango mtoto wa marehemu dada yetu, aliyekuja na barua ya ada. Tulimfungulia, tukashika chaki hadi miaka 60.