Aliyebaki Kwa Sundu

Wageni wa dini wanaofika Busia na Malaba siku hizi, wakapita kando ya msururu wa malori hadi vijiji vya ndani, kisha wakarejea makwao wakisimulia marafiki waliowapata, hunikumbusha habari ya mwaka 1885, pale Askofu James Hannington alipofika Kwa Sundu, ambako leo ni Mumias, akaiacha sehemu kubwa ya msafara wake mikononi mwa William Jones, shemasi Mwafrika wa Rabai aliyepata kuonja utumwa, naye askofu akashika njia ya Busoga, Uganda ya leo, na watu 50. Huko alifungwa siku nane, akiandika shajara yake hadi mwisho. Oktoba 29 aliuawa pamoja na karibu wapagazi wake wote.

Vitabu humtukuza shahidi, na ni haki yake. Lakini mimi humtafakari zaidi Jones, aliyengoja hata yakini ya vifo hivyo ikamfikia, kisha akawaongoza waliosalia kwa miguu hadi pwani, wakaingia Rabai Februari 1886 na bendera ya buluu yenye neno Ikabodi, yaani utukufu umeondoka, kwa herufi nyeupe, na wajane wamejipanga kuwatazama, kila mmoja akitafuta uso mmoja. Imani iliyodaiwa hapo sidhani ilikuwa pungufu.

Na mifupa ya askofu? Ilisitiriwa Mumias, katika himaya ya Nabongo Mumia, mfalme wa Wawanga, ambaye hakuwa Mkristo na baadaye alisilimu, mpaka ilipochukuliwa kuzikwa Namirembe, Uganda, mwishoni mwa 1892.