Baruti Inayofaa

Oktoba 2022 nilimsindikiza babu yangu hadi ofisi ya kijiji kusalimisha gobore. Serikali ilikuwa imetangaza kwamba kuanzia Septemba hadi mwisho wa Oktoba mwaka ule, mtu mwenye silaha asiyoimiliki kihalali angeweza kuikabidhi kwa hiari bila kushtakiwa. Babu alilifunga kwenye gunia, akalibeba mwenyewe begani. Mimi nilibeba pembe ya ng'ombe aliyokuwa akihifadhia baruti. Ofisini aliulizwa kama bado linapiga.

"Linapiga."

"Sasa mzee, kwa nini unalirudisha?"

"Silitaki tena."

Wakaandika, tukaondoka. Njiani ndipo aliponisimulia habari ambayo hakuwahi kumsimulia mtoto wake yeyote.

Kijiji chetu kiko Ngara, upande wa kuelekea pori la Burigi, ambalo tangu 2019 ni sehemu ya Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato. Kwetu gobore lilikuwa chombo cha shamba, kama jembe. Nguruwe pori wakiingia kwenye mahindi, usiku mmoja tu unatosha kumaliza kazi ya msimu mzima. Babu alisifika kwa kujua kiasi. Baruti ikipungua, gololi inaanguka hatua chache mbele yako na nguruwe anaendelea kula. Ikizidi, mtutu unapasuka, na anayeumia ni mpigaji. Watu walimletea magobore yao awaonyeshe kiasi cha kushindilia. Kwa hiyo hakushangaa mgeni alipobisha hodi usiku mmoja mwaka 1998.

Msomaji asiyeijua Ngara akumbuke miaka ile. Mwishoni mwa Aprili 1994, katika muda wa siku moja hivi, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo wakikimbia kutoka Rwanda. Benaco pakageuka mji wa maturubai. Desemba 1996 wakarudishwa kwao. Wengi wao walikuja na mkeka, sufuria na watoto, na si haki kuwabebesha lawama za kila kilichofuata. Lakini vita vya majirani viliacha silaha mikononi mwa watu, na barabara ya kupita mapori ya Biharamulo ikawa ya kusafiri kwa hofu, mabasi yakisindikizwa na polisi.

Mgeni alikuwa kijana mwenye adabu. Alisema shikamoo mzee, akakaribishwa kiti. Kisha akaweka juu ya kigoda bastola na maganda matupu ya risasi, kiganja kizima. Alisikia mzee anajua baruti. Anaomba amjazie.

Watoto walikuwa wamelala chumba cha pili. Babu aliokota ganda moja, akaligeuza kwenye mwanga wa koroboi, akasema, "Mwanangu, baruti yangu hii haifai." Akamweleza kwa nini. Hii ni baruti nyeusi, ya moshi mwingi na masizi. Bastola imetengenezewa baruti nyingine kabisa. Kijana alimsikiliza kama mwanafunzi, akashukuru, akakusanya maganda yake, akaondoka.

Nimesoma baadaye, na babu alikuwa sahihi. Mwaka 1884 Mfaransa Paul Vieille alitengeneza baruti isiyo na moshi, na tangu hapo bunduki na bastola za kisasa zimeundwa kwa kuifuata hiyo. Nayo ina aina nyingi. Ya bastola, yenye mtutu mfupi, huungua haraka. Ya bunduki ndefu huungua polepole. Ukizichanganya unaweza kupoteza mkono au macho. Marekani, ambako watu hujaza risasi zao nyumbani kihalali, kampuni huchapisha majedwali: risasi ya uzito huu, baruti hii, kiasi hiki na usizidishe. Niliyaangalia majedwali hayo kwa muda mrefu. Yamefanywa kwa uangalifu unaostahili heshima. Yana safu ya shinikizo na safu ya mwendokasi. Safu ya mtu atakayekuwa mbele ya mtutu haimo, wala sidhani kwamba jedwali lingeweza kuwa nayo.

Swali la baruti ipi inafaa limewahi kuulizwa kuhusu sisi pia. Julai 1890 mataifa makubwa yalitia saini Mkataba wa Brussels, kwa jina la kukomesha biashara ya watumwa. Katika eneo kubwa la Afrika, kuanzia nyuzi 20 kaskazini hadi 22 kusini, yaliwekea vizuizi bunduki za kisasa na risasi zake. Yakaacha mlango kwa bunduki za gumegume na baruti ya kawaida ya biashara. Hiyo ilionekana inamfaa Mwafrika: inayotosha kumtisha nyani, isiyotosha kumzuia mkoloni. Pembe niliyoibeba siku ile ni mjukuu wa uamuzi huo. Neno "inafaa" lilificha swali la nani anafaidika.

Babu naye alilitumia neno hilo kujificha. Aliniambia wazi kwamba hata kama angekuwa na baruti ya bastola ndani ya sanduku, asingeijaza. Sababu aliyoitoa ilikuwa ya kweli, lakini haikuwa sababu yake.

Darasani tumejadili sana insha ya Kant ya 1797, inayosema usidanganye hata kama muuaji yuko mlangoni anamuulizia rafiki yako. Babu alikuwa na mlango huo huo na hakudanganya hata neno moja. Kant mwenyewe alifanya jambo la jinsi hiyo: alipokatazwa na mfalme kuandika juu ya dini, aliahidi kunyamaza "kama raia mtiifu" wa mfalme huyo, na mfalme alipofariki akajiona amefunguliwa. Kwa mizani hiyo babu amefaulu. Lakini yeye mwenyewe hakujipa alama hizo.

Miezi kadhaa baadaye basi lilivamiwa katika mapori kati ya Lusahunga na Nyakahura. Mfanyabiashara wa maharage wa kijijini kwetu alipigwa risasi, akafa. Babu hakuwahi kujua kama ilikuwa bastola ile. Kilichomkaa moyoni kwa miaka 24 ni jambo dogo zaidi. "Nilimwambia baruti yangu haifai," alisema. "Basi nilimtuma akatafute inayofaa."

Nimelifikiria sana hilo kwa Kiswahili, kwa sababu lugha yetu inalionyesha vizuri. Katika "haifai", anayetajwa ni baruti. Katika "sitaki", ninayetajwa ni mimi. Neno la kwanza linaacha tatizo kwenye kitu, na tatizo la kitu hutatuliwa kwa kupata kitu kingine. Neno la pili linamweka mtu mbele ya mtu.

Lakini sitaki kuwa jasiri kwa niaba ya mzee nikiwa nimekaa maktaba. Bastola ilikuwa juu ya kigoda na watoto wamelala. "Haifai" iliwalinda watoto wale, na mmoja wao ni mama yangu. Naamini usiku ule hakukosea. Kama kosa lipo, lilianza asubuhi, alipoamka salama na hakwenda kwa mwenyekiti wa kitongoji, akachukua jembe akaenda shambani. Ukweli uliouficha ili kuokoa watu unabaki kuwa deni, na deni hilo linaanza kudaiwa hatari inapotoka mlangoni.

Mwaka jana mtu ninayemheshimu aliniomba nimwandikie tasnifu kwa malipo. Nilimjibu kwamba nina kazi nyingi. Ilikuwa kweli kabisa. Nilikuwa na kazi nyingi. Alinishukuru, akaniuliza kama namfahamu mtu mwingine mwenye nafasi. Hakuwa na silaha, na nyumbani kwangu hakukuwa na mtoto aliyelala. Nilimpa namba.