Nyota Ikikosea, Nani Analipa?



Wiki tatu zilizopita, baada ya ibada ya pili, dada mmoja alinisubiri pale mlangoni. Anauza mitumba. Akaniambia kwa sauti ya chini, "Pasta, niombee. Nyota yangu imefungwa." Nikamuuliza ameambiwa na nani. Akasema alianza kuambiwa na jirani, kisha akamsikia mhubiri mmoja redioni akisema hivyo hivyo: kuna watu nyota zao zimeibwa, watume mbegu ya imani ndipo nyota irudi. Alikuwa ameshatuma mara mbili.

Sote tumeona yale mabango kwenye nguzo za stima: mganga kutoka mbali, anasafisha nyota, anarudisha mpenzi, anavuta wateja. Hayo tunayacheka. Lakini maneno hayo hayo yakivaa suti na kushika kipaza sauti, tunasema amina. Kwa hivyo leo hebu tuzungumze kuhusu nyota zenyewe, na kuhusu swali ambalo mtu wa biashara hujiuliza kabla ya kutia sahihi: mambo yakienda vibaya, nani anabeba hasara?

Kwanza tutenganishe mambo mawili. Neno "unajimu" watu hulitumia kwa yule anayepima mwendo wa nyota, na pia kwa yule anayekuambia utaolewa lini. Hapa nitaita kazi ya kupima "falaki", na kazi ya kubashiri "unajimu". Lakini mjue kwamba kwa karne nyingi ilikuwa kazi moja. Kule Babeli, wataalamu wa mfalme waliandika kwenye vibao vya udongo mwendo wa mwezi na sayari, usiku baada ya usiku, kwa mamia ya miaka. Hawakufanya hivyo kwa sababu ya kupenda hesabu. Waliamini mbingu zinampa mfalme maonyo. Kwao ndiko zilikotoka zile nyota 12 ambazo watu husoma magazetini, na kwao pia ndiko tulikopata desturi ya kuigawa saa kwa dakika 60. Baadaye, karibu mwaka 150 baada ya Kristo, Ptolemy wa Alexandria kule Misri aliandika kitabu kimoja cha hesabu za mwendo wa mbingu, na kingine cha jinsi nyota zinavyoongoza maisha ya watu. Vyote viwili vilitoka mkono mmoja.

Mbingu zenyewe hazina kosa. Mwanzo 1:14 inatuambia mianga iliwekwa kuwa dalili za majira, siku na miaka. Babu zetu walilijua hilo. Kundi la nyota walilolitazama ili wajue wakati wa kulima waliliita Kilimia, na jina hilo limo katika Ayubu 38 ya Biblia yetu ya Kiswahili. Kutazama Kilimia ujue msimu ni hekima. Kukiuliza kama biashara yako itasimama ni jambo lingine kabisa, na ndilo Isaya analikejeli katika sura ya 47, anapowaambia watu wa Babeli wawaite basi hao wasoma-nyota wao waje wawaokoe.

Sasa niwaletee mtu mmoja aliyesimama katikati ya kazi hizi mbili. Johannes Kepler alikuwa Mjerumani, aliyezaliwa mwaka 1571. Alisomea theolojia akitaka kuwa mchungaji. Mwaka 1594, kabla hajamaliza, alipelekwa Graz, Austria, kufundisha hesabu. Kazi hiyo ilikuja na jukumu la kuandaa kila mwaka kalenda yenye utabiri wa hali ya hewa, vita na mavuno. Katika kalenda yake ya kwanza, ya mwaka 1595, alitabiri baridi kali na mashambulizi ya Waturuki. Yote mawili yakatokea, na jina lake likapaa. Lakini tuulizane: vita na Waturuki si vilikuwa vimeanza tangu 1593? Na baridi kule Austria, enyewe, hata mimi ningeitabiri.

Kepler mwenyewe alilijua hilo. Hakuutupa unajimu wote, maana aliamini kwa namna fulani mbingu zinagusa dunia. Lakini aliandika kwamba unajimu ni binti mpumbavu wa falaki, ila mama huyo mwenye hekima angekufa njaa kama binti yake hangeleta pesa nyumbani. Niliposoma hayo nilicheka, halafu nikanyamaza. Nilisomea biashara chuo kikuu, na najua kwamba idara inayoleta pesa ndiyo husikizwa mkutanoni. Hata kanisani.

Mwaka 1600 Kepler alienda Prague kufanya kazi na Tycho Brahe, ambaye vipimo vyake vya sayari vilikuwa bora kuliko vyote vya wakati ule. Akapewa sayari ya Mars aieleze. Tycho akafariki mwaka uliofuata, Kepler akaendelea peke yake kwa miaka. Akajenga nadharia nzuri iliyotumia duara, kama walivyofanya wote waliomtangulia. Alipoilinganisha na vipimo vya Tycho, ikakosea kwa dakika 8. Duara zima lina digrii 360, na kila digrii ina dakika 60. Mwezi mpevu ukiutazama angani una upana wa kama dakika 30. Kwa hivyo kosa lake lilikuwa kama robo ya upana wa mwezi. Nani angemlaumu? Waliomtangulia walikosea zaidi ya hapo. Angeweza pia kumsingizia Tycho, maana marehemu hajitetei.

Hakufanya hivyo. Alitupa hesabu zake mwenyewe akaanza upya, na mwaka 1609 akachapisha jibu: Mars haizunguki jua kwa duara kamili, inazunguka kwa duaradufu, yaani duara lililobanwa kidogo. Hiyo falaki tunayofundishia watoto shuleni leo imesimama juu ya zile dakika 8 ambazo mtu mmoja alikataa kuzificha.

Hapo ndipo ninapoona kazi hizi mbili zikiachana. Wote wawili, mwanafalaki na mnajimu, wanatazama nyota zile zile, na wote wawili hukosea. Mwanafalaki akikosea, hasara ni yake: anatupa kazi yake. Mnajimu akikosea, atakuambia ulitaja saa ya kuzaliwa vibaya, au hukufuata masharti, au sayari nyingine iliingilia kati. Hasara inabaki kwa mteja, na malipo hayarudi. Kepler aliijua hatari hiyo. Mwaka 1611, Kaizari Rudolf akiwa anang'ang'ania madaraka na ndugu yake Matthias, Kepler aliandika barua akishauri unajimu uondolewe kabisa vichwani mwa washauri wa Kaizari. Mtu aliyekula kwa kazi hiyo ndiye alisema isipewe kiti pale ambapo maisha ya watu yanaamuliwa.

Wapendwa, ningependa kuishia hapo, tuwaseme waganga na wahubiri wa redioni kisha twende nyumbani. Lakini nina jambo la kukiri.

Miaka michache iliyopita, kabla sijaletwa hapa, ndugu mmoja alikuja kwangu mwezi wa kwanza amevunjika moyo. Nilimwekea mikono nikasema, "Bwana ananiambia mwaka huu anakuzidishia maradufu." Ukweli ni kwamba Bwana hakuwa ameniambia kitu. Nilimwona ana huzuni nikataka atabasamu. Akatabasamu. Kisha akaenda kwa chama chao akakopa shilingi 150,000, akafuga kuku. Kideri kiliingia, na katika wiki mbili kuku wakaisha. Aliporudi kwangu hakunilaumu, wala hakumlaumu Mungu. Aliniuliza, "Pasta, nilikosea wapi? Ni imani yangu ilipungua?"

Swali hilo sijalisahau. Mimi ndiye niliyesema uongo, na yeye ndiye alikuwa anatafuta kosa ndani ya moyo wake. Mteja wa mnajimu hufanya vivyo hivyo. Na mbaya zaidi, siku ile nilitikisa kichwa nikamwambia tuendelee kuomba.

Mtu atasema, "Kwani Pasta haamini unabii tena?" Naamini. Lakini someni Kumbukumbu la Torati 18:22. Neno lisipotimia, aliyelisema ndiye anayeulizwa. Halimuulizi aliyelisikia kama imani yake ilitosha. Someni pia Matendo 11, pale Agabo anapotabiri njaa. Wanafunzi walichanga, kila mtu kwa kadiri ya uwezo wake, wakapeleka msaada kwa ndugu wa Uyahudi. Pesa zilitoka, ndiyo, lakini zilienda kwa wenye njaa. Hatusomi popote kwamba Agabo alipokea kitu.

Yule dada wa mitumba nilimwomba arudi Jumanne na daftari lake la biashara. Tulikaa saa moja na nusu. Kodi ya kibanda ilikuwa imepanda naye hakupandisha bei. Kulikuwa na deni la simu linalokatwa kila wiki. Na kulikuwa na kurasa mbili za majina ya watu waliochukua nguo kwa mkopo, wengine wao ni washirika wa kanisa hili. (Mnajijua. Mlipeni.) Baada ya hapo ndipo tukaomba. Sikumwambia biashara itafufuka mwezi huu, kwa sababu sijui. Alisikitika kidogo, nadhani alitaka neno kubwa zaidi. Lakini aliniambia hatatuma tena mbegu kwa yule wa redioni.

Na yule ndugu wa kuku? Mwaka huu nilimtafuta nikamwomba msamaha, mbele ya mke wake, kwa sababu naye alikuwa amelibeba lile deni. Nikamwambia wazi kwamba Bwana hakusema, mimi ndiye nilisema. Alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akasema ingemsaidia kusikia hivyo mapema. Wamebakiza miezi saba ya kulipa chama. Tangu mwezi wa tatu nusu inatoka mfukoni mwangu, na sioni kwamba hapo nimefanya wema.

Kama kuna mwingine niliyewahi kumpa neno ambalo Bwana hakulisema, ofisi yangu iko wazi Jumanne na Alhamisi kuanzia saa nane. Njoo, na kama kuna hesabu, njoo nayo.