Umepima, ama Umefikiri?

Nilibonyeza kitufe cha kwanza, kinanda kikanyamaza. Nikabonyeza vyote vinane, kimoja baada ya kingine, halafu vyote kwa mpigo, kama mtu anayebisha mlango wa nyumba ambayo anajua kuna watu ndani. Kimya. Ilikuwa Jumamosi saa nne usiku, Kayole, chumba kimoja karibu na stage ya Masimba, na vijana wa kanisa walikuwa wameambiwa kesho naleta ngoma.

Kesho yake niliwaambia stima ilipotea. Haikuwa imepotea. Naomba ukumbuke huo uongo mdogo, kwa sababu baadaye nitamwita mtu mwingine mwongo.

Kijisanduku chenyewe kilikuwa kitu rahisi, ukisikia wanaojua wakieleza. Vitufe 8, bodi ya Arduino, rezista 2 za omu 220, na soketi ya duara yenye pini 5, ile ya MIDI. Ukigusa kitufe, bodi inatuma namba tatu kwa kinanda: 153, yaani “piga noti kwenye chaneli ya ngoma”, 36, yaani ngoma kubwa ya mguu, na namba ya tatu ya kusema umegusa kwa nguvu gani. Hakuna sauti inayopita kwenye waya. Ni maagizo tu, na sauti inatoka kwa kinanda. Kinanda cha kanisa ni kizee, lakini kina tundu la MIDI mgongoni, na hapo ndipo uzuri wa hii lugha ulipo. Kiwango chake kilitoka 1983, baada ya makampuni ya Marekani na Japani yaliyokuwa yakishindana sokoni kukubali kuongea kwa namna moja. Kifaa cha enzi hizo bado kinaelewana na bodi uliyonunua juzi.

Kinaelewana, kama umeunga vizuri.

Nilijaribu kila kitu nilichokijua, ambacho kusema ukweli hakikuwa kingi. Nikabadilisha waya. Nikaangalia mwendo wa kutuma, ambao lazima uwe biti 31,250 kwa sekunde. Nikakumbuka kwamba chaneli ambayo binadamu anaiita ya 10, programu inaihesabu kama 9, nikaangalia, na hapo pia nilikuwa sawa. Kila nilipojiondolea kosa moja nilizidi kuwa na uhakika kwamba kosa halikuwa langu. Ilipofika Jumapili usiku nilikuwa nimemaliza kesi. Bodi ilikuwa feki. Nilikuwa nimeuziwa takataka.

Jumatatu nikapanda matatu hadi tao, nikashuka, nikaenda moja kwa moja Luthuli. Kama hujawahi kutembea hiyo barabara, jua tu kwamba ukuta mmoja unaweza kubeba maduka matano, kila moja upana wa meza, na spika zote zinaongea kwa wakati mmoja. Kijana aliyeniuzia alikuwa palepale kaunta. Siku ile ya kununua alikuwa ameniambia, “Iko poa boss, nimeitesti mwenyewe.” Nikaiweka bodi mbele yake na sikushusha sauti. Nikasema wanauza feki. Nikasema anadanganya watu akiwaangalia machoni. Wateja wawili waliokuwa wakisubiri waliangaliana, wakatoka. Mwenye duka, mama mmoja aliyekuwa ameketi nyuma na kitabu cha risiti, alimwangalia yule kijana, hakuniangalia mimi. Kijana alisema kwa sauti ya chini, “Lakini niliitesti.” Wakanipa bodi nyingine. Nikarudi Kayole nikijisikia mshindi.

Bodi mpya ikanyamaza vilevile.

Kuna fundi mmoja wa redio na TV mtaani kwetu, mzee mwenye kibanda kilichojaa spika zisizo na maboksi. Nikampelekea kila kitu kwenye mfuko wa karatasi. Akanisikiliza hadi mwisho, halafu akauliza, “Umepima?”

“Nimejaribu kila kitu, fundi.”

“Sijauliza kama umejaribu. Umepima, ama umefikiri?”

Akachukua mita yake. Ncha moja akaiweka kwenye mguu wa rezista inayopeleka volti 5, nyingine akaiingiza kwenye tundu la pini ya 4, mahali ambapo hiyo volti ilitakiwa kufika. Mita ikakaa kimya. Akasogeza ncha hadi tundu la 5. Mita ikalia.

Pini za hiyo soketi hazipangwi kwa kuhesabu. Zinafuatana 1, 4, 2, 5, 3. Mchoro niliokuwa nafuata ulionyesha soketi kwa mbele, upande wa kuchomeka waya. Mimi nilikuwa nachomelea kwa nyuma, na ukiigeuza soketi, kushoto kunakuwa kulia. Kwa hivyo ya 4 nikaifanya ya 5, na ya 5 nikaifanya ya 4. Ya 2, ambayo iko katikati, ilibaki sawa, na labda ndiyo iliyonidanganya nikaona kazi ni safi. Kurekebisha kulichukua dakika kumi. Ngoma ya kwanza iliyotoka kwa kile kinanda ilinifurahisha kwa sekunde tatu hivi. Ya nne ikanikumbusha yule kijana wa kaunta.

Sasa swali ambalo limenikalia tangu siku hiyo: nilikosea wapi hasa? Kwenye soketi tunajua. Nauliza kuhusu Luthuli.

Jibu la haraka ni kwamba sikufaa kumshuku. Silikubali. Vitu feki viko Nairobi, na kila mmoja wetu ana chaja iliyowahi kufa ndani ya wiki. Mtu anayenunua hapa bila kushuku hakai na pesa. Ukipiga hesabu ya uwezekano tu, shaka yangu ilikuwa na akili.

Lakini mimi ni mtu wa Kayole, na hiyo hesabu naijua kwa upande mwingine. Nimeketi mbele ya watu wanaotafuta mfanyakazi, tukaongea vizuri, hadi wakauliza, “Na unaishi wapi?” Nikaona uso ukibadilika kidogo. Mara ya kwanza askari kunipekua nilikuwa na miaka 17, natoka kusoma. Alichojua juu yangu ni umri, mtaa na saa. Na kama ulikuwa na simu Eastlands mwaka 2017, unakumbuka zile kurasa za Facebook zilizobandika picha za vijana na kuwaita majambazi, na unakumbuka kwamba baadhi ya waliobandikwa hawakuwahi kufika mahakamani, walifika mochari. Ibara ya 50 ya Katiba ya 2010 inasema mshtakiwa ahesabiwe hana hatia hadi ithibitishwe vingine. Waliokuwa wakishangilia chini ya zile picha nao walikuwa na hesabu yao ya uwezekano. “Vijana wa huko si unawajua.”

Wauzaji wa Luthuli si unawajua. Nyani haoni kundule.

Najua bodi ya Arduino si maisha ya mtu. Uzito hautoshani hata karibu. Ila mwendo wa fikra ni ule ule: nachukua kitu ninachojua kuhusu wengi, namvika mmoja aliye mbele yangu, halafu namwadhibu kabla ya kupima.

Utaniuliza, basi tufanyeje? Tumwamini kila mtu tuibiwe? Hapa kifaa chenyewe kilinisaidia kuliko nilivyotarajia. Kile kiwango cha 1983 kilitengenezwa kwa ajili ya vifaa visivyojuana, na waliokichora hawakuwa wajinga. Ndani ya kinanda, nyuma ya tundu la MIDI, kuna taa ndogo na jicho la kuiona. Ujumbe wa mgeni unawasha taa, jicho linasoma, na hapo kati hakuna waya unaogusa waya. Umeme wa mgeni hauingii ndani, unaoingia ni mwanga wa ujumbe wake. Na kando ya hiyo taa mchoro unaweka diodi moja ya bei ya chini. Mimi nilipogeuza 4 na 5 nilikuwa nasukuma umeme kinyume kwenye ile taa. Kazi ya hiyo diodi ni kuupitisha pembeni, na kinanda hakikuungua. Mtu fulani, kabla mimi sijazaliwa, alikuwa ameshafikiria kwamba kuna siku mgeni ataunga kinyume.

Hiyo ni tahadhari kamili. Kinanda hakikuniamini hata kidogo. Lakini gharama ya kutoniamini kilijilipia chenyewe, kwa taa yake na diodi yake, na wakati huohuo kikaendelea kunisikiliza endapo nitasema kitu cha maana.

Nadhani mpaka uko hapo. Tahadhari ni gharama ninayolipa mimi: ningeomba bodi ijaribiwe mbele yangu kabla ya kutoa pesa, ningeenda kwa fundi Jumapili, ningebeba mita yangu. Hukumu ni gharama ninayomlipisha mwingine: jina lake, wateja wake, usiku wake ndani ya seli. Askari akinipekua naye ataiita tahadhari, na mara nyingine itakuwa kweli. Namuuliza swali moja tu, nani anailipia?

Kuna jambo moja bado linanisumbua. Tuseme ile bodi ingekuwa feki kweli. Ningekuwa na haki? Bertrand Russell, mwanafalsafa wa Uingereza, alitoa mfano wa mtu anayeangalia saa iliyosimama, na kwa bahati anaiangalia dakika ileile inayoonyesha. Amepata saa sahihi, lakini huwezi kusema alijua. Mimi pia ningepata, na nisingekuwa nimejua. Kibaya zaidi, ningerudi Kayole nikiamini kwamba kufikiri kunatosha, na mara ijayo ningepiga kelele mapema zaidi. Wanaoshangilia picha za vijana waliouawa hushangilia hivyo: mara moja walipatia, basi hawahitaji kupima tena.

Wiki iliyofuata nilirudi Luthuli. Kijana hakuwepo. Nikamwuliza yule mama.

“Huyo alienda,” akasema. “Unataka nini?”

“Alienda wapi, mama? Ni kwa sababu yangu?”

“Vijana huenda. Kwani ulikuwa unamdai?”

Nikamweleza kuhusu soketi, mbele na nyuma, pini 4 na 5. Nikamwambia bodi ya kwanza ilikuwa nzima, kijana alisema ukweli, mimi ndiye nilikosea. Alinisikiliza huku akihesabu chenji ya mtu mwingine. Halafu akauliza, bila hasira, “Sasa hiyo unaniambia mimi nifanye nayo nini?”

Sikuwa na jibu. Nikanunua soketi mbili ambazo sikuzihitaji, nikaomba zipimwe mbele yangu, nikalipa, nikatoka.

Vijana wa kanisa niliwaambia ukweli kuhusu stima. Walicheka, wakasahau. Yule wa kaunta sina namba yake, na hata jina sikuwahi kuuliza. Kijisanduku kinapiga kila Jumapili. Mgongoni mwa kila soketi ninayoigusa siku hizi naandika kwa kalamu, kabla sijawasha moto: HUKU NI NYUMA.